Anza na risasi, kisha bunduki: jibu kwa mwindaji mpya wa kulungu

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Erie, Pennsylvania, na nina kadi ya kijani. Mwenzangu wa kazini amenialika kuwinda kulungu mara baada ya Sikukuu ya Shukrani. Nimekwisha kuhitimu mafunzo ya usalama wa wawindaji, lakini dukani nilikuta ukuta mzima wa bunduki na rafu za risasi ambazo sikuzielewa. Mwenzangu ananishauri ninunue .300 Winchester Magnum, kwa kuwa anaamini kubwa ndiyo ya uhakika. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa wanyamapori, naye alibeba .375. Mimi si mtu wa mwili mkubwa, na nyama tutaila nyumbani, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Ninunue bunduki gani na risasi gani?

JIBU: Ndugu yangu, nitakupa jibu kwanza, kisha nieleze sababu zake. Nunua bunduki ya kukoki kwa mkono ya .308 Winchester, au ya 7mm-08 Remington iwapo bega lako halitaki teke kali, na uitumie risasi yenye kichwa cha shaba tupu, kwa sababu umesema watoto wataila nyama hiyo. Hiyo .300 Winchester Magnum mwachie mwenzako. Ni silaha nzuri kwa kazi yake, ila kazi yake si hii unayokwenda kuifanya.

Wanunuzi wengi wapya huanza na bunduki kwa kuwa ndiyo inayoonekana ukutani, kisha risasi huchukuliwa dakika ya mwisho pale kwenye kaunta, yoyote ile ilimradi iingie mtutuni. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wafuate mkondo ulio kinyume: tazama mnyama na umbali utakaompigia, kisha uchague kichwa cha risasi kinachomfaa, kisha kaliba, yaani kipimo cha risasi na mtutu wake kama hiyo .308, inayokibeba kichwa hicho kwa kasi ya kutosha bila kukuumiza, na bunduki yenyewe ije mwisho. Kinachomgusa mnyama ni kile kipande kidogo cha madini chenye uzito usiofika gramu 12. Bunduki haimgusi kabisa.

Basi tumtazame mnyama. Kulungu wa mkia mweupe, ambaye ndiye utakayemkuta katika misitu ya Pennsylvania, si mnyama wa kutisha. Dume aliyekomaa mara nyingi huwa kati ya kilo 60 na 90 akiwa hai, na jike ni mwepesi zaidi, kwa hiyo ukimlinganisha na wanyama wa Tanzania utamweka karibu na swala pala au mbawala, wala hata siku moja hutamweka karibu na nyati. Ngozi yake ni nyembamba na mbavu zake si nene. Sehemu ya kulenga, yaani moyo na mapafu nyuma tu ya bega, ina upana wa takriban sentimita 20 hadi 25. Nako msituni huko mashariki mwa Marekani miti na vichaka huziba macho, hivyo kulungu wengi hupigwa chini ya yadi 100, na si ajabu kumwona wa kwanza akiwa yadi 30 kutoka ulipoketi.

Babu yako alibeba .375 kwa sababu ya haki kabisa. Kazi yake ilimkutanisha na tembo na nyati, na hata leo kanuni za uwindaji za Tanzania haziruhusu kaliba iliyo chini ya .375 kwa wanyama hatari kama hao. Askari wa wanyamapori alihitaji kichwa kizito kinachovunja mfupa na kupenya mwili wa mnyama anayemjia kwa hasira. Kulungu haji, kulungu hukimbia. Ukimpiga kwa kichwa kigumu kilichotengenezwa kwa nyati, kitapita upande wa pili kabla hakijapata nafasi ya kutanuka, kitaacha tundu jembamba, na mnyama anaweza kwenda mbali sana kabla ya kuanguka.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha swali lako. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au chuma, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Kichwa cha kuwindia kimeundwa ili kitanuke kinapoingia mwilini, kifunguke kama uyoga hadi kifikie mara moja na nusu au hata mara mbili ya unene wake wa awali, kikiharibu mapafu na mishipa mikubwa njiani. Kichwa cha kijeshi kilichofunikwa shaba mwili mzima hakitanuki, na kwa ajili hiyo Pennsylvania na majimbo mengine mengi hayakiruhusu kwa kulungu. Ukiona boksi la bei rahisi sana lenye risasi za namna hiyo, ni za kufanyia mazoezi ya shabaha tu.

Kutanuka nako kuna kipimo chake. Kichwa laini mno, kikienda kwa kasi kubwa mno, hupasuka vipande vipande kwenye bega na kushindwa kufika ndani. Jambo hili lilimpata mwindaji John Nosler mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada, alipokuwa akimpiga dume la kulungu mkubwa wa kaskazini, mnyama mwenye kimo cha farasi, ambaye ngozi yake ilikuwa imegandamana matope. Mkononi alikuwa na .300 H&H Magnum, bunduki yenye nguvu kweli kweli, lakini vichwa vyake vilipasuka juu juu na mnyama akabaki amesimama. Nosler hakwenda kutafuta bunduki kubwa zaidi. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, sehemu ya mbele itanuke na ya nyuma ibaki nzima isukume ndani, na kufikia mwaka 1948 alikuwa akikiuza. Kichwa hicho, Nosler Partition, kingali kikiuzwa hadi leo. Mfikirie tena mwenzako na ushauri wake: risasi ya .300 Winchester Magnum yenye kichwa cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito; 150 ni karibu gramu 9.7) hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 1,000 kwa sekunde, na kulungu aliye yadi 30 huipokea karibu kasi hiyo yote. Kichwa cha kawaida katika kasi hiyo kitageuza bega zima kuwa damu iliyoganda, na nyama uliyoifuata msituni utaitupa.

Madukani utakuta makundi matatu ya vichwa yanayokuhusu. Kundi la kwanza, ambalo ni la zamani na la bei nafuu, lina kiini cha risasi nyeusi, yaani yale madini laini na mazito yanayoitwa lead kwa Kiingereza, ndani ya gamba la shaba lililoachwa wazi nchani. Remington Core-Lokt, ambayo imekuwepo tangu 1939, Winchester Power-Point na Federal Power-Shok ni za kundi hili. Zimeua kulungu wengi kuliko aina nyingine zote, na katika kasi ya wastani hazina kasoro ya kuzifanya zidharauliwe. Kundi la pili ni lile ambalo kiini na gamba vimeunganishwa viwandani visiachane, mfano Federal Fusion au Nosler AccuBond. Hivi hushikamana vizuri hata vikigonga mfupa. Kundi la tatu ni vichwa vya shaba tupu visivyo na risasi nyeusi ndani, ambavyo kampuni ya Barnes ilivipa umaarufu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hutanuka kwa kufunua mabawa nchani na kwa kawaida hubaki na karibu uzito wao wote.

Ningekuwa namjibu mzee anayekula peke yake, ningemwambia achukue kundi la kwanza na abaki na fedha zake. Wewe umetaja watoto. Kichwa chenye risasi nyeusi kinapotanuka humwaga chembe ndogo ndogo ambazo jicho halizioni, na mwaka 2008 huko Dakota Kaskazini nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa msaada kwa maskini ilipopigwa picha za eksirei, ilionekana kuwa na chembe za madini hayo, na idara ya afya ya jimbo ikashauri isigawiwe. Mwaka huo huo watafiti wa Minnesota walipima mizoga iliyopigwa kwa vichwa vya aina mbalimbali, wakakuta chembe zimetawanyika mbali na njia ya jeraha kuliko sehemu ambayo mwindaji wa kawaida huikata na kuitupa. California ilikwenda mbali zaidi na kupiga marufuku risasi nyeusi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019, ingawa sababu yao kubwa ilikuwa tai wakubwa wanaokula mizoga. Pennsylvania haijakulazimisha, na wawindaji wenzako wengi watakuambia wamekula nyama hiyo tangu utoto bila kudhurika. Nawaheshimu, lakini mtoto mdogo na mama mjamzito hudhurika hata kwa kiwango cha sumu hiyo kilicho kidogo kuliko kile kinachomdhuru mtu mzima mwingine, na tofauti ya bei ya boksi moja la risasi 20 haifai kubishaniwa mbele ya jambo hilo.

Shaba ina tabia mbili za kuzijua. Ni nyepesi kuliko risasi nyeusi, kwa hiyo kichwa chenye uzito ule ule huwa kirefu zaidi, na ndiyo maana katika .308 mimi hupendekeza greni 130 hadi 150, yaani gramu 8.4 hadi 9.7, badala ya greni 165 au 180 ambazo watu wamezoea. Pia huhitaji kasi ili ifunguke, hivyo haipendi kupigwa mbali sana kutoka kaliba ya polepole. Kwa yadi zako za Pennsylvania, tabia hii ya pili haitakusumbua.

Kuhusu kaliba, tofauti kati ya hizi za kati ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa kuzihusu. .30-06 Springfield ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na hakuna kulungu aliyewahi kulalamika kwamba ni ya kizamani. .308 Winchester ilitoka 1952 ikiwa na ganda fupi zaidi lakini ikifanya karibu kazi ile ile: greni 150 kwa takriban mita 860 kwa sekunde. Kutokana na ganda hilo la .308, kwa kulibana shingo, zikazaliwa .243 Winchester ya mwaka 1955 na 7mm-08 ya mwaka 1980. .270 Winchester ya 1925 ni ya kasi na risasi yake huenda karibu mstari ulionyooka kwenye nyika wazi za magharibi, ambako kulungu huonekana ng'ambo ya bonde. 6.5 Creedmoor ilitolewa na Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya walenga shabaha, kisha wawindaji wakaipenda kwa sababu teke lake ni dogo. Zote hizi, zikiwa na kichwa kinachofaa na zikilengwa mahali panapofaa, zitamwangusha kulungu wako ndani ya yadi 200 bila shaka yoyote.

Kinachozitofautisha kwa mtu kama wewe ni teke. Bunduki ya .300 Winchester Magnum yenye uzito wa kawaida hurusha bega kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya ile ya 6.5 Creedmoor, na ubaya wake mkubwa si maumivu. Mwili hujifunza. Baada ya risasi chache za namna hiyo jicho huanza kufumba na mkono huanza kuvuta kifyatulio kwa pupa kabla ya mshindo, na tabia hiyo ikishaingia huchukua msimu mzima kuiondoa. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana wakikosa ubao wa shabaha kwa sababu hii, huku binti wa miaka 15 kando yao akiziweka zote tatu kwenye duara la sahani kwa .243. Mke wako akitaka kujifunza, .243 yenye kichwa cha greni 80 hadi 100 itamfaa sana, ila inadai uangalifu zaidi wa kulenga kwa sababu kichwa chake ni chepesi. Kwako nimetaja .308 mbele ya nyingine kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba risasi zake hazikosekani hata katika duka dogo la kijijini, za shaba zikiwemo.

Umeuliza pia bunduki yenyewe. Katika majira ya kuwinda kulungu Pennsylvania hairuhusu bunduki zinazojikoki zenyewe kwa wanyama wakubwa, hivyo usije ukashawishika nazo. Chagua yenye komeo la kukoki kwa mkono, ambalo kwa nyingi kati ya hizi asili yake ni muundo wa Mauser wa 1898: rahisi, imara, na mtu anaona kwa macho kama mtutu uko wazi. Ruger American na Savage Axis ni za bei ya chini na hupiga shabaha vizuri kuliko bei yake inavyodokeza. Tikka T3x ni ghali zaidi, lakini komeo lake ni laini kama siagi na kifyatulio chake hakina vurugu. Winchester Model 70 na Remington 700 zilizotumika hupatikana, na ukipata mtu mwaminifu wa kuikagua pamoja nawe, bunduki ya namna hiyo wajukuu wako wataitumia. Kitako kikae begani bila wewe kunyoosha shingo. Mtu asiye na mwili mkubwa mara nyingi huhitaji kitako kifupi kidogo, na kampuni kadhaa hutengeneza toleo la namna hiyo.

Ukiniuliza mimi ninayoipenda, nitakutajia .30-30, ambayo ni ya mwaka 1895, katika bunduki ya wenzo kama Marlin 336. Ni nyepesi, fupi, hupita vichakani bila kunasa, na kichwa chake cha greni 170 kinachokwenda mita 670 tu kwa sekunde huharibu nyama kidogo sana. Sikukutajia mwanzoni kwa sababu kubwa moja. Risasi zake hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake, na kichwa chenye ncha kali kinaweza kuifyatua ikiwa bado ndani ya bomba. Bunduki hiyo hutakiwa kulishwa vichwa bapa, au vile vya ncha laini ya mpira ambavyo Hornady ilivitengeneza kwa ajili yake. Mwindaji mzoefu hakosei hapo; mwindaji wa mwaka wa kwanza sipendi kumwongezea la kukumbuka.

Jambo moja la mahali ulipo. Erie iko karibu sana na mpaka wa Ohio, na mwaliko wa kuwinda upande wa pili utakuja tu. Ohio hairuhusu .308 kwa kulungu. Huko bunduki ya aina ya hizi tulizozitaja inapaswa kutumia risasi yenye ganda lililonyooka bila shingo, kati ya kaliba .357 na .50, kama vile .350 Legend au .450 Bushmaster, la sivyo utumie bunduki ya marisau au gobore. Hata ndani ya Pennsylvania, maeneo ya miji mikubwa yana masharti yake, kwa hiyo kitabu cha kanuni cha mwaka husika kisikutoke mkononi. Katika majira hayo utavaa pia rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Kadi ya kijani inakuruhusu kununua silaha kwa sheria ya shirikisho, nawe utajaza dukani fomu 4473, ambayo ni fomu ya shirikisho ya ununuzi wa silaha. Ndugu au rafiki yako aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo, hana ruhusa hiyo ya moja kwa moja, na kwa kawaida hutakiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine unaotajwa na sheria kabla hata ya kuishika bunduki yako. Usimwazime kwa wema tu.

Darubini usiifanyie ubahili. Kulungu hutembea alfajiri na machweo, na kioo duni huwa giza dakika zile zile unazozihitaji. Ya kukuza mara 3 hadi 9 yenye kioo cha mbele cha milimita 40 inatosha. Iache kwenye 3 ukiwa msituni, maana ukiiweka kwenye 9 na kulungu akatokea yadi 25, utaona manyoya tu bila kujua ni ya sehemu gani. Kioo kilichopoa kwenye baridi ya Erie hushika ukungu kikiingia kwenye joto, hivyo ukiwa kambini iache bunduki tupu mahali baridi penye kufuli badala ya kuiingiza kila saa kwenye joto.

Kisha nenda kiwanja cha shabaha, na hapa ndipo risasi na bunduki hufunga ndoa. Kila mtutu una risasi inayoupenda. Greni 150 za kampuni moja zinaweza kukusanyika ndani ya inchi moja kwa yadi 100, na za kampuni nyingine, uzito ule ule, zikatawanyika inchi tatu. Nunua boksi moja moja la aina mbili au tatu za shaba, piga ukiegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, uache mtutu upoe kati ya mafungu, na uchague inayokusanyika. Ukiiweka ipige inchi mbili juu ya katikati kwa yadi 100, .308 yenye greni 150 itakuwa imelingana na shabaha karibu na yadi 200, na ndani ya umbali huo hutahitaji kukisia lolote. Lenga nyuma ya bega. Baada ya hapo acha meza. Piga umeketi, umepiga goti, umeegemea mti, kwa kuwa msituni hakuna mifuko ya mchanga.

Ukishapata risasi inayoupenda mtutu wako, nunua maboksi matatu au manne yenye namba moja ya toleo, maana kiwanda hubadilisha baruti kidogo kati ya toleo na toleo na shabaha huhama. Yanunue Agosti. Ikifika wiki ya Sikukuu ya Shukrani rafu za .308 za shaba huwa zimeachwa tupu, na utajikuta unachukua chochote kilichobaki, kisichojulikana na bunduki yako.